Kanzu Zilizofika Bila Kunyanzi



Kila mwaka, likizo inapokaribia, mafrateri wadogo hutujia na maswali ya safari. Nauli ni kiasi gani, basi linaondoka saa ngapi, nitalala wapi nikichelewa. Lakini liko swali moja ambalo halikosekani, hasa kwa wale wanaokwenda kutumikia Misa ya upadrisho au Misa ya kwanza ya ndugu yao: nitafikaje na kanzu iliyonyooka? Kanzu nyeupe haifichi kitu. Ukiikunja vibaya Kigoma, watu wa Sumbawanga wataiona ile alama katikati ya kifua chako, na wengine watakuuliza kama ulilala nayo.

Swali hilo si dogo, na sisi hatulicheki. Tunajua majibu yake mengi, na katika makala haya tutayatoa yote. Lakini tunajua pia jambo lingine ambalo tulijifunza kwa aibu mwaka 2012, ndani ya meli ya Liemba, na hatuwezi kumfundisha mtu kukunja kanzu bila kumsimulia na hilo.

Tulikuwa wanne, wote watoto wa Mwandiga na vijiji vya jirani. Anayekuja Kigoma kwa barabara, awe anatoka Kasulu au Manyovu, anaijua Mwandiga: njia panda, soko, madumu ya mawese yamepangwa kando ya barabara, dagaa, mitumba, na daladala za kuteremka Mwanga hadi mjini. Mwezi wa Julai mwaka ule, mwenzetu wa darasa alikuwa anapewa daraja takatifu la upadri nyumbani kwao Karema, upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Alituomba tukatumikie altare. Tukakubali kwa furaha, tukaanza kuhangaikia kanzu.

Kanzu zetu hazikuwa nguo tu. Mbili kati ya hizo zilinunuliwa na wanawake wa jumuiya ndogo ndogo za kwetu. Waliuza mawese, waliuza dagaa, walichanga mia tano mia tano mpaka kitambaa kikapatikana na fundi akalipwa. Tulipokwenda kuwaaga, mama mmoja wa jumuiya alizigusa mikono zile kanzu, akasema, "Wanangu, mkifika huko mkasimame vizuri. Wasije wakasema mafrateri wa Kigoma hawana mama." Tulicheka, lakini neno lile lilituingia. Kunyanzi moja kwenye kanzu ile ingekuwa aibu ya wanawake wote waliokaa juani na madumu yao. Ndivyo tulivyofikiri.

Kwa hiyo tulikwenda kwa fundi cherehani wa sokoni, mzee aliyeshona nguo za maharusi na za wanakwaya miaka mingi, tukamwomba atufundishe. Mengi tunayowaambia mafrateri leo yalitoka kwake.

Kwanza alituuliza kitambaa ni cha namna gani. Pamba tupu hukunjamana upesi. Nyuzi za pamba ni za mmea, na ndani yake zimeshikana kwa vifungo vidogo visivyoonekana. Maji na joto hulegeza vifungo hivyo, kisha nguo ikikauka au ikipoa hushikana tena katika umbo lile ilimokuwa. Ndiyo maana pasi hunyoosha nguo. Na ndiyo maana pia shati la pamba ulilolikalia saa tano ndani ya basi, kwa jasho na joto la mwili wako, hubaki na mikunjo kana kwamba umeipiga pasi makusudi. Tetroni hainywi maji kama pamba, kwa hiyo hukunjamana kidogo tu, lakini haipendi pasi kali: ukizidisha moto hung'aa mahali ulipogusa, na alama ile haitoki. Kitambaa kilichochanganya pamba na tetroni ndicho rafiki wa msafiri. Kinapitisha hewa, na kinanyooka chenyewe kikitundikwa.

Pili, alitukataza wanga. Mama zetu walikuwa wamezoea kuchemsha uji mwepesi wa muhogo na kuutia kwenye nguo nyeupe ili isimame. "Nguo ya wanga ni ya kuvaa leo leo," alisema fundi. "Ukiikunja inavunjika kama karatasi. Itafika imenyooka pote, isipokuwa pale ilipokunjwa, na pale hutaweza kupaficha."

Tatu, ukishapiga pasi usikunje hapo hapo. Itundike ipoe kabisa. Nguo yenye moto inakubali kila umbo, hata umbo la uzembe wako.

Nne, kunja kwa kufuata mishono. Mshono tayari ni mstari. Mkunjo ukilala juu yake hauonekani. Na pale unapolazimika kukunja katikati ya kitambaa, weka kanga au taulo lililozungushwa kama mwanzi, ili mkunjo uwe wa mviringo, usiwe mkali. Mashati na suruali zizungushe kama mkeka, usizikunje mraba. Kila nguo nyeupe itie kwenye mfuko wake wa plastiki (wakati ule mifuko hiyo ilikuwa bado inaruhusiwa, ilipigwa marufuku Juni 2019, na leo tunatumia mfuko wa kitambaa laini), kwa sababu nguo inayoteleza haijikunji, inayosuguana na nyingine ndiyo inayojikunja. Vitu vizito viwe chini ya begi, kanzu iwe juu kabisa. Na begi lisiwe tupu sana wala lisishindiliwe. Nguo zikipata nafasi ya kucheza zitajikunja zenyewe njiani.

Tulifanya yote hayo. Tulipiga pasi ya mkaa usiku kucha, tukipuliza majivu yasiruke juu ya weupe. Asubuhi tulipanda daladala ya kwenda mjini, kila mmoja amepakata begi lake magotini kama mtoto mchanga.

Wengi mnaijua Liemba, walau kwa kusikia. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Yaliletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na mwaka 1915 meli ikashushwa ziwani. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, miaka minane baadaye, mitambo ile ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya la Liemba. Tukiwa gatini tulikumbushana habari hiyo, na mmoja wetu akasema, "Mnaona? Kufunga mizigo vizuri kunaokoa hata meli." Tulijiona wenye hekima.

Tulikuwa na chumba cha daraja la pili, vitanda vinne na dirisha dogo la duara. Daraja la tatu lilijaa watu na magunia. Wengine walikaa kwenye mabenchi, wengine juu ya mizigo yao, na watoto walilala palipopatikana nafasi. Kitu cha kwanza tulichofanya, hata kabla ya kula, ni kufunga kamba kutoka kitanda hadi kitanda na kutundika kanzu zetu nne. Hiyo nayo ni kanuni: ukifika, toa nguo kwenye begi mara moja. Uzito wake wenyewe unaivuta chini na kuinyoosha. Pasi hatukubeba, na msibebe. Kwenye meli hata zile kubwa za kitalii za baharini pasi za abiria huwa zinakatazwa vyumbani, kwa sababu moto majini hauna pa kukimbilia. Badala yake lowesha viganja vyako kidogo, pitisha juu ya kitambaa kutoka juu kwenda chini, uivute kwa upole pindo la chini, uiache ikauke. Unyevu na uzito vinatosha. Kama mahali pa kuogea pana maji ya moto, tundika nguo humo mvuke uiguse, kisha uitoe ipoe.

Meli iliondoka jioni. Tulisali masifu ya jioni pamoja, tukatazama taa za Kigoma zikipotea, tukalala chini ya kanzu zetu. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, meli ikiyumba, na zile kanzu zikawa zinapepea taratibu juu ya vichwa vyetu. Zilikuwa nzuri. Hakuna aliyetamka, lakini kila mmoja alizitazama kabla ya kufumba macho.

Ilikuwa kama saa nane usiku, meli imesimama mbele ya kijiji kimoja, mitumbwi inagombania kuikaribia, mananasi na magunia yanapandishwa kwa kelele, tuliposikia mlango unagongwa. Tulifungua. Alikuwa mama wa makamo, ana simu yenye tochi mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri."

"Milele amina, mama."

"Nisameheni kuwaamsha. Kuna binti amepatwa na uchungu huko daraja la tatu. Yuko muuguzi mmoja anamsaidia, lakini hatuna nguo. Tunaomba chochote."

Tulichakura mabegi yetu haraka. Tulitoa mataulo mawili na shuka moja. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akasema, "Na nguo kubwa je, hamna? Ya kumzungushia tu. Watu ni wengi, wanaume wanapita na mizigo, binti anaona haya hata kulia."

Alipokuwa akisema hivyo tochi yake iliangaza nyuma yetu. Kanzu nne nyeupe, ndefu, zilikuwa zinaning'inia pale. Hakuzitaja. Alizitazama, akashusha macho, akasubiri.

Tukasema, "Mama, hatuna nyingine."

Akasema, "Haya, wanangu. Mungu awabariki." Akaondoka.

Mara nyingi watu wakitusikia tukisimulia huuliza nani kati yetu alitamka maneno yale. Hatujibu. Aliyetamka alitamka kwa niaba ya wanne, na watatu waliosikia hawakumsahihisha. Kwa hiyo tunasema, tulisema.

Tulifunga mlango, tukakaa vitandani. Hakuna aliyelala. Mmoja alianza kujitetea: ni kanzu, ni vazi la Kanisa, haifai kuchafuliwa damu. Mwingine akasema tutavaa nini Jumamosi mbele ya Askofu. Mwingine akawataja wanawake wa jumuiya, jasho lao, mawese yao, tungewaambia nini? Hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na tuliyatumia yote, mpaka yakaisha. Ukimya ulipokuja tukasikia, mbali kidogo, sauti ya binti akiuma meno asipige kelele. Ndipo mmoja wetu aliposimama akaanza kuzitoa kanzu kwenye kamba, nasi wengine tukamsaidia. Hatujui ilichukua muda gani tangu mlango ulipofungwa. Labda nusu saa.

Tulishuka daraja la tatu, kanzu zikiwa mikononi. Tulipofika, kwenye kona moja kati ya magunia, tulikuta kanga tatu zimefungwa kwenye nguzo na mabenchi, zimefanya chumba. Mbele yake amesimama bibi mmoja mzee, amebaki na gauni lake na kanga moja kiunoni, anawazuia wapitanjia kwa mkono: "Piteni kule, wanangu, piteni kule." Kanga yake ya pili ilikuwa mojawapo ya zile tatu. Kabla hatujafungua midomo tukasikia mtoto analia.

"Bibi, shikamoo. Tumeleta nguo," tulisema.

"Marahaba. Ahsanteni, wanangu. Yamekwisha. Ni mtoto wa kike." Akatazama mikononi mwetu, akatabasamu. "Hizo rudisheni, zisichafuke bure."

Tulirudi chumbani. Ndipo tulipogundua kwamba hata katika haraka ile, gizani, tukikimbia kwenda kumsitiri mwanamke aliyekuwa anajifungua mbele za watu, tulikuwa tumezikunja kanzu kwa kufuata mishono.

Kesho yake tulifika Karema. Gati la sasa lilikuwa bado halijajengwa. Abiria walishuka kwa mashua, mawimbi yakiwarushia maji, mizigo ikipokelewa kwa mikono. Tulibeba mabegi juu ya vichwa. Hakuna tone lililoingia. Ijumaa jioni, kabla ya mazoezi ya liturujia, tulimtafuta padre mmoja mzee tukaungama, mmoja mmoja. Alichotuambia kila mmoja kilikuwa karibu sawa. Hakutukemea. Alituuliza kama tumemtafuta yule mama aliyegonga mlango. Hatukuwa tumemtafuta. Alikuwa amebaki melini, pamoja na binti na mtoto, wakielekea Kipili.

Jumamosi kanzu zetu zilikuwa hazina kunyanzi hata moja. Watu walitusifu. Mwanakwaya mmoja alituuliza tulikopigia pasi. Katika maandamano ya kuingia kanisani tulimwona yule bibi, kwenye benchi karibu na njia ya katikati. Wanawake wenzake walikuwa wamevaa doti kamili, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Yeye alikuwa na moja. Baada ya Misa alikuja kutusalimu, akatushika mikono mmoja baada ya mwingine. Tulimwuliza kanga yake. "Nilimwachia mtoto," alisema. "Angefunikwa na nini?" Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatutazama kwa furaha ya kweli, bila kejeli yoyote, akasema, "Kanzu zenu zimetoka safi kweli, wanangu."

Tumesifiwa mara nyingi tangu siku ile, na hakuna sifa iliyotuuma kama hiyo.

Wapendwa wasomaji, hapo Karema tulikuwa mahali pa kufikiri habari ya kanzu kuliko mahali pengine popote. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, walifika Ujiji Januari 1879 wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, na jina lao lilitokana na kanzu hizo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwapa vazi la watu wa Afrika Kaskazini waliotumwa kwao kwanza, ili wafanane nao na kukaa karibu nao. Maana yake, vazi lile lilichaguliwa kuondoa umbali kati ya padre na watu. Mwaka 1885 walichukua kituo cha Karema. Na miaka minne baadaye alifika hapo Adriano Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga kisiwani Malta, akawahudumia wagonjwa wa Karema kama daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 ya vidonda, homa na uzazi. Hatuamini kwamba mavazi yake yalikuwa na weupe wa siku zote.

Sisi tulilichukua vazi lililochaguliwa kutuweka karibu na watu, tukalitundika kati yetu na mwanamke mwenye uchungu.

Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso, analisema Kanisa kuwa bibi arusi asiye na doa wala kunyanzi. Tulikuwa tumelisoma neno hilo mara nyingi. Lakini tulikuwa hatujatazama vizuri jinsi kunyanzi zile zinavyoondoka. Paulo anasema Kristo aliwapenda watu wake akajitoa kwa ajili yao, akawatakasa kwa maji. Kujitoa kunakuja kwanza, unyoofu unakuja baadaye. Sisi tulitaka unyoofu kwanza, na kujitoa tukakuwekea masharti. Na usiku ule wa karamu, kabla ya kuosha miguu ya wanafunzi, Bwana wetu aliweka kando mavazi yake. Hakuogopa yangekunjamana.

Tuliporudi Mwandiga tulikwenda kwa yule mama wa jumuiya. Tulikuwa tumepanga kumweleza kwa maneno mengi, lakini tulipofika tulimwambia tu kama ilivyokuwa: tuliombwa, tukanyima, tukasema hatuna. Tukaongeza kwamba tulifikiria jasho lao. Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua dagaa. Halafu akasema, "Mimi nimezaa watoto saba, na wawili niliwazaa njiani. Mlidhani ningelilia kitambaa?" Baada ya kitambo akaongeza, "Kanzu ile tuliinunua ivaliwe. Hatukuinunua itunzwe."

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumefanya. Tulikuwa tumejificha nyuma ya sadaka ya wanawake wale wale ambao, kama wangekuwa melini usiku ule, wangekuwa wa kwanza kuzichana kanzu zetu vipande viwili. Tuliwaheshimu kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikataa.

Hatusemi haya ili mafrateri wasafiri na nguo zilizokunjamana. Hapana. Mtu anayekwenda kwa watu akiwa nadhifu anawaambia kwamba amejiandaa kwa ajili yao. Maskini wanalijua hilo kuliko matajiri. Ndiyo maana mama zetu hupiga pasi hata nguo iliyotiwa viraka. Kwa hiyo endeleeni kufanya yale fundi aliyotufundisha. Chagueni kitambaa kilichochanganywa. Acheni wanga nyumbani. Piga pasi, subiri ipoe, kunja kwenye mishono, zungusha kilicho laini, weka kizito chini. Ukifika, tundika. Lowesha viganja, nyoosha, acha ikauke. Usipopata kamba, tandaza nguo kati ya mkeka na godoro, ulale chali bila kugeuka geuka. Asubuhi itakuwa imenyooka kuliko wewe.

Lakini tangu mwaka ule tumeongeza kitu kimoja katika kufunga mizigo, na kila frateri anayetuuliza tunamwambia kabla ya mengine yote. Chini kabisa ya begi, au juu kabisa, weka doti moja ya kanga ambayo si yako. Usiihesabu kati ya nguo zako. Ni ya mtu utakayekutana naye njiani ambaye hujamjua bado. Sisi wanne hatujasafiri bila hiyo tena. Moja ilimfunika marehemu aliyegongwa na pikipiki kando ya barabara ya Kasulu, mpaka ndugu zake walipofika. Mwaka 2015 nyingine mbili zilibaki Kigoma, mikononi mwa akina mama wa Burundi walioletwa na Liemba hiyo hiyo kutoka Kagunga, maelfu kwa maelfu, wakiteremka bandarini na watoto migongoni. Nyingine zilirudi nyumbani bila kufunguliwa, na hiyo nayo si hasara.

Na kama siku moja utaombwa na doti ile umekwisha kuitoa, na nyuma yako inaning'inia kanzu nyeupe uliyoipiga pasi usiku kucha, basi jibu lake unalo. Fika altareni na kunyanzi. Askofu akiuliza, mweleze.

Yule mtoto wa Liemba sasa ni binti mkubwa, kama Mungu amemjalia uhai. Jina lake hatulijui, wala la mama yake. Tunawaombea wote wawili kila mwezi wa Julai, pamoja na yule mama wa tochi, tuliyemwambia uongo naye akatuombea baraka. Tunawaomba nanyi mtuombee sisi.